Mashine ya Dokta Laku

Dokta Laku alikuwa na mashine moja tu ya maana, na aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mgonjwa yeyote. Ilikuwa pampu ya kusukuma chakula kwenye mshipa, msaada wa wafadhili, ya kwanza pale Munuki, mtaani kwetu Juba, na alihakikisha Munuki nzima inajua. Kila mgeni aliyeingia kliniki yetu mwaka ule wa 2008 alivutwa mkono hadi kitandani kwa Ngor. "Mimi iko na mtoto hapa anakula kwa damu," alikuwa akisema, kwa Kiswahili chake cha Kampala, kifua mbele utadhani pampu ameizaa yeye.

Ngor alikuwa na wiki saba. Alizaliwa utumbo umejisokota, mpasuaji mmoja aliyekuwa anapita Juba akakata kipande kilichooza, akasema tumbo lipumzike, mtoto alishwe kwa mshipa siku kumi hivi. Kisha mpasuaji akapanda ndege. Siku kumi zikawa arubaini. Tumbo lilishalainika, mtoto anajamba kama mzee, lakini nani angethubutu kuzima mashine ya Dokta?

Halafu akawa manjano. Kwanza macho, kisha uso, kisha hadi nyayo. Dokta akaamuru aanikwe jua la asubuhi, eti ni mambo ya watoto wachanga hayo. Mtoto wa wiki saba! Mimi, Achai, nilisomea uuguzi Eldoret, si kwa kubahatisha. Nilimwambia mkojo umekuwa kama chai ya rangi na choo kimekuwa cheupe kama ugali, maana yake nyongo haiteremki, ini limechoshwa na ile mifuko ya chakula cha mafuta ambayo pampu inamwingizia mshipani mchana na usiku huku tumbo halina kazi. Nikamwambia tupunguze mafuta, pampu ipumzike saa kadhaa, na mtoto aanze matone ya maziwa ya mama. Akacheka. Akaniuliza kama siku hizi Eldoret wanawafundisha manesi udaktari. Wafadhili wanakuja Alhamisi, akasema, na wanataka kuona mashine ikifanya kazi, si mtoto akinyonya. Kunyonya wameshaona kwao.

Kichwa maji kabisa. Nilimdharau mpaka nikaona raha.

Alhamisi wakaja, makhawaja watatu, wazungu wenye pesa zao, na mwanamke mmoja mwenye daftari. Dokta akaanza hotuba. Nilingoja afike penye maendeleo ya mtoto, nikafungua nepi ya Ngor, nikaiweka mezani, katikati ya soda na biskuti. Nikawaambia hiki ndicho choo cha mtoto ambaye ini lake linakufa. Yule mwanamke, kumbe ni daktari wa watoto, akaiangalia kwa muda, akamkagua Ngor macho, akauliza swali moja tu: mtoto anapewa maziwa kiasi gani kwa mdomo? Dokta akasema tunajiandaa. Akaulizwa mnajiandaa tangu lini. Jasho lilimtoka hadi tai ikalowa, na mimi sikujaribu kuficha kicheko.

Kabla ya chakula cha mchana amri ilikuwa imeandikwa, kwa mkono wa Dokta Laku mwenyewe: mafuta nusu, pampu ipumzishwe kila siku, maziwa ya mama mililita mbili kila baada ya saa tatu. Nilitembea kama mshindi hadi nyuma ya kliniki, ambako Nyandeng, mama yake Ngor, alikuwa akifua. Nikampa kikombe safi. Nikamsimulia yote, na Dokta sikumsahau, nilimwiga mpaka na jasho lake. Nikamwambia akamue, mtoto anaanza leo.

Hakucheka. Alijifuta mikono, akafungua blauzi, akaminya titi la kulia, halafu la kushoto, kwa muda mrefu. Kikombe kilibaki kikavu.

"Sista," akasema, bila hasira, "si wewe uliniambia niyakaushe?"

Kweli. Wiki ile ya kwanza matiti yalimvimba, akawa analia, anasumbua wodi nzima, nami nilikuwa na haraka zangu. Nilimfunga kitambaa kifuani kwa mikono yangu, nikakaza, nikamwambia khalas, basi, huyu wako sasa ana mashine.