Springi za Kushuka Mbaga

Mwalimu Sadock alifundisha fizikia miaka thelathini na mbili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukubali kwamba kitabu kinaweza kukosea. Wanafunzi, ndiyo. Wakuu wa shule, mara kwa mara. Kitabu, hapana. Kwa hiyo alipostaafu na kuamua kulifufua Datsun la marehemu baba yake, gari la mbio la milango miwili, jekundu, lenye pua ndefu na tumbo linalokaribia kufagia barabara, kwanza alitafuta kitabu cha ufundi cha gari lenyewe. Alikisoma mpaka kurasa zikalegea, kisha akampelekea fundi Rogathe gari na kitabu, pamoja na springi mpya alizoagiza nje.

Rogathe alikuwa na gereji kando ya barabara kuu pale Same. Ufundi aliupata kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo, Mwalimu. Gari litakuwa linakwenda wapi?"

"Marahaba. Kwetu milimani, Mbaga. Lakini wewe fuata kitabu."

Akakifuata. Gari likakaa kwenye kimo kilichoandikwa, mpaka milimita ya mwisho, na Sadock akalipiga picha pande zote nne. Siku ya tatu akampakia mama yake, Bibi Fortunata, aliyekuwa akiishi naye hapo Same, akatupa gunia la mchele wa Kihurio kwenye buti, wakaanza kupanda mlima. Ilikuwa raha tupu mpaka kona ya jiwe, pale mwamba unapochomoza katikati ya barabara. Hapo mzigo ukalilaza gari nyuma, tumbo likakwama juu ya jiwe, ekzosi ikang'oka. Walioliinua ni watu waliokuwa wakitoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji wa kijiji. Waliweka majembe chini, wakasukuma, wakampa Mwalimu pole nyingi huku wakijiuma midomo wasicheke.

Bibi Fortunata alikaa juu ya gunia lake kando ya barabara, wala hakutabasamu. Mahali pale alipajua. Mumewe, Tumainieli, aliachiwa gari lile na mwajiri wake wa shamba la kahawa, akalipenda kupita kiasi, lakini halikuwahi kuvuka kona ile hata mara moja. Kila Jumamosi aliliegesha hapo chini ya jiwe, akapanda kwa miguu. Kila mwaka alimwahidi mkewe kwamba mwakani atamfikisha nalo mpaka mlangoni. Akafa hajamfikisha.

"Sadock," alisema, "Jumapili ijayo ni ibada yangu ya shukrani, natimiza themanini. Gari hili likinipeleka kanisani Mbaga na kunirudisha Same bila kusukumwa na mtu, libaki. Likishindwa, yule mtu wa Arusha anayelitaka aje alichukue. Nimechoka kutazama kitu kilichomtesa baba yako."

Sadock aliumia. Ndani ya gari lile alifundishwa kushika usukani, akiwa amekalishwa mapajani, na hakuwa na kitu kingine kilichobaki na harufu ya baba yake. Lakini mama yake akisema, amesema. Akarudi gereji kichwa chini.

"Sasa mlete bibi," alisema Rogathe. "Na mchele wake."

Akamkalisha Bibi Fortunata kwenye kiti cha mbele, akapakia gunia. Halafu akavuka barabara kwa mfanyabiashara wa tangawizi, akaazima magunia mawili, akayasukuma nayo ndani ya buti.

"Hayo ya nini? Sisi tunapeleka mchele, hatupeleki tangawizi."

"Najua, Mwalimu."

Akalala kifudifudi, akapima kwa mkono nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Siku mbili zilizofuata alifunga springi ndefu na nene zaidi, akabadilisha bushi zote, akaweka shokapu mpya za gesi. Sadock alikaa juu ya tairi kuukuu akimtazama, na kila saa iliyopita alizidi kusahau kukosoa. Mwisho Rogathe aliweka viganja juu ya buti, akakandamiza kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likapanda, likashuka, likatulia. Sadock alikuwa amechora grafu za mtetemo ubaoni maisha yake yote. Hakuwahi kuiona moja ikichorwa kwa mikono mitupu, na kwa usafi ule.

Ila mzigo ulipotolewa gari lilinyanyuka, matako juu.

"Rogathe! Limekaa kama jogoo anayetaka kuwika! Kitabu kinasema..."

"Kitabu kimeandikwa na mtu asiye na mama wa Mbaga," alijibu, akafuta mikono.

Jumapili walipanda. Kwenye kona ya jiwe Sadock alibana pumzi, na gari likapita juu ya mwamba bila hata kuugusa. Kanisani lilipokelewa kwa vigelegele vingi kuliko bwana harusi. Mwalimu akashuka akiwa ameshaanza kujisifu moyoni.

Alisahau mnada. Baada ya ibada mazao ya sadaka yalinadiwa uwanjani kama kawaida, na kila aliyenunua mkungu wa ndizi alisema, "Huu ni wa mama wa shukrani!" akaupeleka kwenye buti. Yakaja magunia mawili ya tangawizi. Yakaja maharage. Wakaja kuku, miguu imefungwa.

"Jamani, gari ni dogo," alilalamika Sadock.

"Unakataa baraka za watu?" mama yake aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni.

Hakukataa. Aliliangalia gari likishuka, kidole kwa kidole. Lilipoacha kushuka alichukua rula yake akainama kupima. Kilikuwa kimo cha kitabu, kamili. Akabaki amechutama, akicheka peke yake. Aliyekuwa na akili darasani wiki ile hakuwa yeye. Mtu wa Same anajua kwamba Mbaga unaweza kupanda na gunia moja, lakini hakuna anayekuruhusu kushuka na gunia moja, na Rogathe alikuwa amelitengeneza gari kwa ajili ya kurudi.

Kwenye kona ya jiwe alishuka kwa gia ya kwanza, dirisha wazi, akisikiliza. Hakusikia kitu ila kuku.

"Simama," alisema mama yake.

Akatoka polepole, akasimama pale chini ya jiwe.

"Hapa ndipo nilipokuwa nateremka kumpokea mzigo. Kila Jumamosi. Alikuwa akinipa mzigo, halafu anageuka kuliangalia gari."

Sadock alishuka, akamfuata. "Na yule mtu wa Arusha, mama?"

"Mtu gani wa Arusha?"

Aliweka kiganja juu ya boneti yenye joto, akakiacha hapo.

"Haya, Baba Sadock," alisema. "Umenifikisha."

Kisha akapangusa macho kwa ncha ya khanga, akaingia, akamwambia mwanawe wapitie gereji kwanza, kwa sababu mkungu mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Rogathe.