Mapazia ya Milango Ishirini na Mmoja

Naanza na kitendawili, maana mimi siwezi kuketi na watu bila kutega. Kuna bwana kasimama katikati ya njia, hapiti wala hapishi. Msikimbilie kujibu. Nilimtega nacho mgombea udiwani mbele ya mkutano wa hadhara, akajibu kuwa ni punda.

Mgombea huyo tulimwita Futikamba. Ni dalali wa viwanja, na miaka yote hajaonekana bila futikamba mfukoni. Mashamba yaliyokuwa nyuma ya nyumba zetu ni yeye aliyeyakata vipande akayauza, na maghorofa yakaota huko kama uyoga. Mwanzoni tulifurahia taa zake. Kisha tukaamka siku moja tukakuta ukuta umekatiza njia yetu ya miguu, ile ya kwenda shule na zahanati. Mwendo wa dakika tano ukawa wa nusu saa na zaidi kuzunguka barabara kuu, na goti langu la kushoto halina urafiki na mizunguko. Aliyeuleta tulimjua bila kuuliza: ni watu wa maghorofani, hawataki kutuona.

Basi pale mkutanoni watu walicheka hadi wakashikana mabega. Nikamwambia sicho, anipe mji, kama ilivyo sheria ya vitendawili. Akasema mji hana.

"Atakuwa nao wapi," mtu akasema huko nyuma, "na ameshauuza wote."

Jibu ni ukuta. Na mgombea wa pili, aliyeahidi kuutoboa mlango, alikuwa mkwe wangu, mke wa mwanangu wa katikati.

Mkwe ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na mimi juu ya kigoda karibu na dirisha nikishona pindo kwa mkono. Katikati ya kampeni alipata kazi kubwa kutoka ng'ambo ya ukuta. Lilikuwa jengo jipya la ghorofa saba, milango mitatu kila ghorofa, na wote wanataka mapazia. Nilimuuliza kwa nini awashonee watu waliotufungia njia. Akasema dirisha halina chama, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Aliahidi kuyapeleka Alhamisi, siku tatu kabla ya uchaguzi. Na kila mlango alioubisha kuomba kura alisema mwenyewe: asiyetimiza ahadi ya pazia, ya kata nzima ataiweza wapi? Sasa Alhamisi hiyo hiyo akaitwa ofisi ya uchaguzi kupeleka majina ya mawakala wake. Nikamwambia aende zake, mapazia niachie mimi. Mafurushi yalikuwa tayari, ameyaandika namba kwa chaki, moja hadi ishirini na moja. Nikapakia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, tukazunguka barabara kuu.

Wenyeji walikuwa makazini. Nikaketi kwenye ngazi ya chini kabisa nikamwelekeza mlinzi: namba moja mlango huu wa kwanza hapa, namba mbili unaofuata, hivyo hivyo mpaka juu. Akapanda na kushuka, masikini, akining'iniza furushi kwenye kila kitasa. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Jioni mkwe akaniuliza mambo yalikwendaje. Nikamsimulia. Akaketi taratibu juu ya meza ya kukatia.

"Mama, ulianzia chini?"

"Kwani nyumba hujengwa kuanzia wapi?"

Ndipo akanieleza. Yeye akienda kupima ghorofa hupanda kwanza hadi juu kabisa miguu ikiwa bado na nguvu, kisha anapima akishuka. Namba moja ni kule chini ya paa. Milango ishirini na mmoja, yote nimeikosea isipokuwa mmoja tu wa katikati. Shule nilisoma, na kujumlisha nilikuwa hodari, lakini hakuna mwalimu aliyenifundisha kuhesabu nikishuka.

Hakunifokea. Alisema atakwenda asubuhi na mapema kuyabadilisha, akanisukumia sahani. Nikamsukumia tena. Futikamba alikuwa na magari yenye vipaza sauti na picha yake kwenye kila nguzo, asimwangushe mkwe wangu, nije nimwangushe mimi kwa mikono yangu miwili.

Asubuhi, mkwe hata kitambaa hajafunga kichwani, hodi. Nikachungulia. Watu kumi na tano au zaidi, wote wa lile jengo. Mbele yao muuguzi wa ghorofa ya juu kabisa na dereva mstaafu wa mlango wa kwanza chini. Nikarudi nyuma ya cherehani.

"Shikamoo bibi," muuguzi akasema.

Marahaba yangu ilitoka kama ya mgonjwa wake.

Kumbe hawakuja kugomba. Mapazia walikuwa wameshabadilishana wenyewe. Yeye alikuta ya dereva, mapana kama shuka mbili, na dereva akakuta yake, membamba kama leso. Jengo zima liliingia kwenye ngazi jioni ile, mapazia mabegani, wakibishiana hodi mlango hadi mlango kutafuta ya kwao. Miezi saba wameishi pamoja wakipishana na funguo mkononi, salamu ya nusu mdomo. Sasa wakasimama kwenye ngazi wakazungumza, kutoka mapazia wakahamia kwenye mvua inayoingia chini, kutoka mvua wakafika kwenye ukuta.

Dereva akakohoa kidogo.

"Tuna swali moja tu, bibi. Ninyi wa huku tuliwakosea nini hata mkatujengea ukuta?"

Nilimtazama mkwe. Mkwe akanitazama mimi.

"Sisi?" nikasema. "Si ninyi?"

Kicheko kikaanzia mlangoni kikajaa chumba. Kumbe soko lao liko upande wetu, nao wanazunguka barabara kuu kila siku na vikapu vyao, wakitulaani. Muuguzi akauliza, sasa aliyeujenga nani? Sote tuligeuka kuitazama nguzo ya taa ng'ambo ya barabara, ambako Futikamba alikuwa anatuchekea kwenye karatasi. Dereva ndiye aliyekumbuka: alipouziwa, aliambiwa ni mtaa wenye ukuta, salama salimini. Yeye ukuta hakuuomba. Alitaka nyumba.

Lalamiko lilikuwa moja tu, la bwana wa mlango wa kumi na moja. Mapazia yake yalifika sawasawa. Akayatundika, akafunga mlango, akalala. Asubuhi akakuta jengo zima linajuana isipokuwa yeye. Nilimuomba radhi kwa kutomkosea.

Jumapili kadi za kura zilizokuwa zimelala kwenye droo za lile jengo ziliamka zote. Sisi tulizunguka barabara kuu kwa msafara, wao wakatupokea kwenye lango la shule na kuniletea kiti cha foleni. Matokeo yakabandikwa kwenye mlango wa darasa: mkwe wangu kashinda kwa kura arobaini na tatu.

Mlango ulitobolewa mwezi wa tatu baada ya kuapishwa kwake, mpana wa kupitisha mkokoteni. Lango la chuma lilichelewa, hivyo nikaunga vipande vilivyobaki vya mapazia ishirini na moja, tukatundika pazia hapo. Siku ya kwanza nilipita na mkwe, nimemshika mkono.

Nikamtega: juzi alikuwa na tumbo tu, leo ana kinywa, anawameza huku anawatema kule.

Alijua, yule. Namfahamu akijua, shavu linamcheza. Lakini akasema ameshindwa.

"Basi nipe mji."

"Haya mama, chukua huu."

Nikauchukua. Ni mji mzuri, goti langu halijalalamika, na kufika zahanati ni dakika tano.