Neno Lililobandikwa Mlangoni

Doña Ercilia alishasema tangu Jumapili, huku akigeuza arepa zake, vile vimkate vya mahindi, kwenye moto, na yeye akishasema amesema. "Mkataba siji kuutazama. Mkataba watu huandikiana wakikodishana nyumbu. Mkifunga ndoa, nitakuja, tena nitavaa viatu."

Nubia, binti yake, akacheka, ila moyoni hakucheka hata kidogo. Alimpenda Dorelly tangu walipokuwa wanachuma kahawa pamoja, tuta kwa tuta, juu ya mji wa Aguabonita. Sasa wana duka la mikate na kitanda kimoja, na mji mzima unajua. Kilichobaki ni kimoja tu: afunge ndoa naye, mama yake akiwa ameketi kiti cha mbele. Bila mama, alijua, sherehe yote ingemchachia mdomoni.

Na huko kufunga ndoa kulikuwa na mushkeli wake. Mahakama ya Katiba kule Bogotá, mji mkuu, ililipatia Bunge muda litunge sheria ya wanawake wawili au wanaume wawili kuoana. Muda ukiisha bure, waende kwa jaji. Bunge likauchapa usingizi, muda ukaisha. Lakini mahakama haikutamka wazi kwamba jaji sharti akiite kitu hicho ndoa, basi kila jaji akajipikia mchuzi wake. Huyu aliita ndoa, yule mkataba wa muungano, wa tatu akasingizia mafua.

Jaji wa Aguabonita, Gildardo Arbeláez, alikuwa mtu mwema, tatizo lake ni kuogopa barua za wakubwa. Aliyapokea maombi yao, akamkabidhi karani. Karani naye hakuwa na tangazo jingine ila lile analowabandikia wote: Nubia fulani na Dorelly fulani wanakusudia kufunga ndoa, mwenye pingamizi ajitokeze. Akalibandika mlangoni, kama desturi, akaenda kunywa kahawa. Doña Ercilia alilipitia kila akitoka misani, akilisoma huku midomo ikimcheza, wala hakumwambia mtu kitu.

Siku ikafika. Doña Ercilia alikuja na viatu, tena vyeusi, vya kubana. Jaji akakohoa, akasoma akiwa ameinama: "Leo tumekutana kuthibitisha mkataba wa muungano baina ya..."

Doña Ercilia akasimama, akachukua mkoba. "Nubia, nimeacha maharage motoni."

"Mama mkwe, kaa kwanza jamani," Dorelly akamsihi.

"Mkwe wa wapi? Kwenye mkataba hakuna mkwe!"

Nubia akainuka. Hakumfuata mama yake, alimgeukia jaji. "Mheshimiwa, sisi hatukuomba mkataba. Tuliomba ndoa."

"Binti yangu, mimi si Bunge. Jaji hatungi sheria."

"Nani kakuomba utunge? Katiba imeshatungwa, na inasema watu wote ni sawa. Wewe kazi yako ni kuisoma na kuifuata."

"Na nikikosea, je? Nitaitwa kujieleza."

"Ukikosea, juu yako wapo majaji wengine, watakusahihisha. Lakini sisi ukitupa nusu kwa sababu ya woga, tutaipata wapi nusu nyingine?"

Hapo likasikika kofi. Doña Ercilia, aliyekwisha kufika mlangoni, alikuwa amelipiga tangazo kwa kiganja.

"Hapa umeandika ndoa! Mlangoni kwako mwenyewe! Umesema mwenye pingamizi aje. Haya, nani kaja? Padri kapita hapa, kalisoma lote, kisha kaniuliza habari za goti langu."

Jaji akamtazama karani. Karani akatazama dari. "Hakuja mtu, mheshimiwa," akasema.

"Nikwambie kitu, Gildardo, maana nakujua tangu unavaa kaptula," doña Ercilia akaendelea, na sauti ikamshuka. "Nimeishi na Eliécer mpaka anakata roho. Ujanani alifunga ndoa kanisani kwa kulazimishwa, akamkimbia mke, na enzi zile ndoa ile haikufunguka hata kwa nyundo. Mimi nimemfulia, nimemzalia huyu, nimemwuguza. Siku ya maziko yule mke akaja na basi, akaketi mbele. Mimi nilisimama nyuma, na wauza maua. Watu walinionea huruma, huruma tele! Neno ndilo sikulipata. Mwanangu hatasimama nyuma, na mimi niko hai."

Nubia hakuwahi kuyasikia hayo kutoka kinywani mwa mama yake. Siku ile ya maziko alidhani mama amesimama nyuma kwa sababu ya joto. Akamshika Dorelly mkono.

Jaji akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. "Kaa, doña Ercilia."

"Nikae nifanye nini?"

"Ndoa haianzi mama wa bibi harusi akiwa mlangoni."

Akaketi, kiti cha mbele. Jaji akawauliza yale awaulizayo wote: wamekuja kwa hiari? Wamekuja. Watatunzana wazima na wagonjwa? Watatunzana. Mara hii alisema akiwatazama usoni. "Basi, kwa mamlaka ya Katiba ya nchi hii, natangaza kwamba Nubia na Dorelly wamefunga ndoa."

Doña Ercilia akanyoosha mkono. "Rudia."

"Hukusikia?"

"Nimesikia vizuri sana. Rudia kwa sauti, na huo mlango ufunguliwe."

Karani akaufungua wote. Nje, wauza mahindi wakageuza shingo. Jaji akavuta pumzi, akalirudia neno mpaka likafika uwanjani: wamefunga ndoa.

Machozi yalimtiririka doña Ercilia, naye hakuyafuta. Akainuka, akampita binti yake, akamnyooshea mkono Dorelly.

"Haya, twendeni. Mkwe wangu, nishike, hivi viatu vinaniua."