Kifungu cha Boza

Watu wa mji wetu wanamwita mke wangu Bi Risiti, na wanadhani hajui. Anajua sana. Ndiye mweka hazina wa halmashauri ya mji, na mwaka alioanza kazi alimtoza mwenyekiti mwenyewe ushuru wa maegesho pale sokoni, akamsimamisha juani mpaka akapatikana mtu wa kumvunjia noti. Jina likamganda siku hiyohiyo. Mimi nililicheka kuliko mtu yeyote, na kicheko hicho kilinigharimu siku mbili za kula chakula kilichopoa.

Mimi ni dereva wa boza, lile lori la maji la halmashauri. Lita elfu nane, rangi ya bluu pale ambapo rangi imebaki. Kwa miaka kumi na moja nilipeleka maji mtaa wa juu, ambako bomba halikuwahi kufika: safari nne kwa siku, na ya tano zahanati. Shamba sina, duka sina. Nilikuwa na lori lile na mshahara wake, na kiti kilichokwisha kuchukua umbo la makalio yangu, hata dereva mwingine akikikalia anateleza.

Sasa niwaeleze kanuni ya mke wangu, maana bila hiyo hamtaelewa alivyonifanyia. Zamani vifungu vya bajeti vilikuwa vikikatwa ofisini, na aliyekatwa anakwenda kujisomea kwenye ubao wa matangazo, katikati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na ratiba ya chanjo. Mke wangu akakataa. Aliwaambia wakuu wa idara kwamba anayependekeza kukata kifungu aende mwenyewe, kwa miguu yake, akamwambie uso kwa uso yule atakayeumia, tena kabla baraza halijapiga kura. Asipokwenda, kifungu hakikatwi. Mwaka wa kwanza mapendekezo ya kukata yalipungua kwa nusu. Bwana mmoja wa bustani za mji alikwenda kuwaambia wafagiaji, akarudi macho mekundu, akakata posho zake za safari badala yao. Mimi nilikuwa nikizisikia habari hizi mezani na kuona fahari, kwa sababu zilikuwa zinawahusu watu wengine.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa uani kwenye karakana, chini ya boza, napaka grisi, nikaona viatu. Vile viatu vyeusi vya ofisini navijua, ni mimi ninayevipiga rangi kila Jumapili. Nikasema kutoka kulekule chini kwamba kama nimesahau chakula changu, aniwekee kitini.

"Ndugu dereva," akasema, "naomba utoke tuzungumze."

Ndugu dereva. Miaka kumi na tisa ya ndoa na watoto watatu. Nikatoka.

Alisimama wima, hakushika hata karatasi, akanieleza kwa sauti ileile anayowaelezea wafanyabiashara kodi zao. Bomba litapelekwa mtaa wa juu, pamoja na vibanda vitatu vya maji na bomba moja la zahanati. Fedha za kulijenga na kuliendesha zitatoka kwenye kifungu cha boza, yaani mafuta, matairi na mshahara wa dereva. Boza lenyewe litaegeshwa uani kwa ajili ya dharura. Dereva atapewa kiinua mgongo chake. Aliyependekeza ni yeye. Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, na nina haki ya kuja kusema. Akanipa nakala ya mpango, kama kila mtu anavyopewa.

Nikamuuliza kama ulimi wake ulikuwa umefungwa jana mezani.

"Nyumbani ningekuambia kama mke wako," akasema. "Wenzako wote waliambiwa kazini kwao."

Nilimjibu maneno ambayo siyarudii hapa. Akayasikiliza mpaka yakaisha, akaniaga, akaondoka. Alipofika langoni nilimwona ameshika nguzo kidogo, kama mtu aliyekanyaga kijiwe, kisha akaendelea na safari yake. Mafundi wa karakana wote walikuwa wamepata kazi za ghafla zilizowainamisha. Nilikuwa na hasira za kupasuka, lakini nitasema kweli: hata katika hasira zile niliona kwamba mwanamke yule ana moyo ambao mimi sina.

Mchana nikakaa ndani ya boza na ule mpango, nikitafuta kosa. Nililipata. Mchoro ulisema bomba litaishia zahanati, mita mia tisa kutoka njia kuu. Nikacheka peke yangu. Mimi nimekwenda zahanati kila siku, na mita ya gari langu inasema kilomita moja na mia sita. Nikatazama tena, nikaelewa. Mhandisi wa maji alikuwa na miezi minne tu hapa mjini, na alichora juu ya ramani ya zamani. Kwenye ramani hiyo zahanati iko karibu na uwanja wa mpira, lilipo jengo ambalo leo ni stoo ya madawati mabovu. Zahanati ilihamia kileleni miaka sita iliyopita. Na huko kileleni, ukisimama langoni, unauona chini yako mfuniko wa tangi kuu la mji, kama unavyoona upara wa mtu aliyeketi. Maji ya tangi lile yangeteremka vizuri hadi kwenye nyumba za watu. Zahanati yasingefika hata kwa maombi.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Nikinyamaza, bomba litajengwa, litafunguliwa kwa hotuba, na zahanati itabaki kavu. Baada ya mwezi mmoja au miwili watapiga simu: boza liko wapi, na dereva wake yuko wapi? Nikisema, nimejichimbia kaburi.

Nilimpelekea jambo hili kaka yangu, mshonaji, ambaye ndiye mkubwa wetu na huwa simfichi kitu. Alinisikiliza akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kujibu. Akasema sijaiba, sijadanganya, wala sijachora mimi huo mchoro; mhandisi analipwa kwa kazi yake, basi aachiwe kazi yake. Shemeji amefanya wajibu wake, na wajibu wangu ni kulisha watoto. Akazirudisha pini mdomoni, akimaanisha nami nifanye vivyo hivyo.

Nikanyamaza. Nyumbani kwetu hilo lilikuwa jambo la kutisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kugombana hata na redio. Mtoto wetu wa mwisho alinishika paji la uso kuona kama nina homa. Mke wangu hakuuliza kitu. Ananimiminia chai, ananitazama, halafu anakitazama kikombe.

Jumatano, siku moja kabla ya kikao, nikapeleka maji zahanati kama kawaida, nikakuta yamebaki mapipa mawili tu ya uani, ya lita elfu moja moja, kati ya manane. Muuguzi mkuu, ambaye ni shoga wa mke wangu na huniita shemeji, akanivuta ndani kwa furaha. Sita ameshayagawa. Pale yalipokuwa, kwenye chumba kidogo nyuma ya wodi, ameweka kitanda cha pili cha kujifungulia, maana mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia kwenye benchi la mapokezi. Ukutani alikuwa amepiga alama ya chaki mahali bomba litakapokaa. Akanionyesha atakavyolifungua kwa kiwiko, mikono ikiwa imeshaoshwa, kama wanavyofanya hospitali kubwa. Alirudia mara mbili, kiwiko kikisukuma hewa.

Nikamwambia ayarudishe mapipa, angalau kwa miezi miwili mitatu.

"Ya nini, shemeji?" akasema. "Mkeo kasema maji yatafika. Mkeo hasemi kitu ambacho hajakipigia hesabu."

Nikatoka nikamwaga maji kwenye yale mapipa mawili. Yaliyobaki hayakuwa na pa kuingia. Nikarudi mjini na tangi robo tatu, likichezacheza mgongoni kwenye kila kona.

Alhamisi ukumbi ulifurika. Bajeti ya mji wetu kwa kawaida huhudhuriwa na wazee wawili wanaofuata feni, lakini habari zilikuwa zimeenea kwamba Bi Risiti anamkata mumewe, na watu walikuja kuangalia ndoa. Kaka yangu alikaa mstari wa mbele, kunilinda nisiropoke. Vikapita vifungu vya taa za barabarani, mifereji, mshahara wa mzoa taka wa pili. Kila kimoja kilikuwa kimebanwa mpaka hakina pa kushika. Ndipo mwenyekiti akasoma kifungu cha boza na kuuliza kama kuna mwenye neno.

Nikainua mkono. Nilisikia kaka yangu akivuta pumzi.

Nikasema yote: ramani, stoo ya madawati, kilomita moja na mia sita, mfuniko wa tangi, chumba kisicho na mapipa tena. Sauti yangu ilikuwa mbaya, nilikuwa kama nagombana na watu ambao hawajanikosea. Mhandisi akakunjua mchoro wake mezani, akaniuliza zahanati ilihama mwaka gani, akaniuliza tena. Kisha akasimama, kijana wa watu, akasema mbele ya ukumbi mzima kwamba dereva yuko sahihi na yeye amekosea. Ili maji yapande kileleni, akasema, inatakiwa pampu ndogo na bomba zaidi la mita mia saba. Hapo nikampenda na yeye.

Lakini baraza letu lina kanuni nyingine, na hii nayo ni ya mke wangu: anayetaka kuongezewa kitu kwenye bajeti lazima aseme kitapunguzwa nini. Haijalishi ni nani. Na mwenye kazi ya kuuliza ni mweka hazina. Nilimwona akiweka kalamu chini, kisha akaiokota.

"Ndugu mwananchi," akasema, "unaongeza pampu na bomba. Fedha zitoke kifungu gani?"

Ukumbi ukanung'unika. Mama mmoja nyuma yangu alisema huo sasa ni ukatili. Mimi nikaitazama karatasi. Nichukue wapi? Kwa mzoa taka? Kwenye taa? Katika ukurasa ule wote kulikuwa na kitu kimoja tu chenye thamani ambacho hakikupangiwa kazi yoyote, nacho kingeegeshwa uani kwa ajili ya dharura. Pampu ikiwepo, dharura ilikuwa ndogo. Nikiliacha pale, kazi yangu ingekuwa bado na mlango wa nyuma.

"Uzeni boza," nikasema. "Injini ni nzima, nimeitunza mwenyewe. Litapata bei."

"Likiuzwa halirudi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Akaandika. Mwenyekiti akaita kura, mikono yote ikapanda. Hakuna aliyepiga makofi. Kaka yangu alitoka bila kuniangalia, ingawa nilipompita mlangoni alinigusa bega.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mke wangu na mafaili yake kifuani, mimi na mikono mitupu. Tukapita soko, tukapita benki. Mbele ya duka la viatu akasimama.

"Ulipoinua mkono," akasema, "nilikuwa naomba usiseme."

Nikamtazama. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wiki nzima umenyamaza. Nikajua umeona kitu kwenye ule mchoro. Ningekuuliza tu, ungeniambia. Ndiyo maana sikukuuliza." Alikuwa anatazama viatu vya dirishani. "Nilijiambia ni kwa sababu wewe una haki ya kusema barazani kama wengine. Uongo. Nilitaka boza lirudi. Kisha ukasema, nikaandika haraka haraka, nisipate nafasi ya kuacha."

Mji mzima unamwogopa mwanamke huyu kwa unyoofu wake, nami nimemwogopa miaka kumi na tisa. Sikuwahi kujua kwamba unamuuma. Nikamwambia asijitese, hata mimi nilinyamaza wiki hiyohiyo, kwa hiyo tuko sawa.

"Hatuko sawa, baba watoto," akasema. "Wewe ulisema."

Akaanza kulia palepale, watu wakipita na kutuamkia. Nikamchukulia mafaili nikayabana kwapani, nikamshika mkono, tukaenda nyumbani.