Kilio cha Ghalani

Jokha alikubali kucheza filamu ya Fredy kwa kuwa alipenda kuigiza tangu utoto, na pale kijijini kwao Utende hakuna aliyekuwa na haja na kipaji chake. Fredy alikuwa mwalimu kutoka bara, mwenye kamera ya kuazima na ulimi wa asali. Filamu ilihusu mwanamke aliyefungiwa na wakwe zake kwenye ghala la nazi mpaka akarukwa na akili.

Walipofika kwenye tukio la mwisho, Fredy alimwambia, "Ingia, nafunga kidogo tu."

Akafunga kwa komeo, akaiacha kamera ndani ikirekodi. Jokha aliita, kimya. Akaamini ameachwa peke yake. Aligonga mpaka ngozi ya mikono ikachubuka, akamlilia mama yake, akajikojolea. Alipofunguliwa, jua lilikuwa limeshapinda, na Fredy anachekelea.

"Umetisha, dada! Hata Dar hawakuwezi!"

Jokha aliona haya kumsimulia mtu.

Sikukuu ya Idi, filamu ikaonyeshwa katika banda la video. Walikuja wavuvi na wake zao, hata wafanyakazi wa hifadhi ya bahari. Mwanzoni watu walicheka, maana damu yenyewe ilikuwa sharubati. Lilipofika tukio la ghala, vicheko vikakatika.

"Huyo ana jini!" mmoja akapayuka.

"Mtoto wa watu, kichwa wazi, anajikojolea hadharani! Hana hata haya!"

Kandambili zikaanza kurushwa kwenye runinga. Bimkubwa, mama yake Jokha, alijifunika uso kwa kanga. "Umenivua nguo, mwanangu," alinong'ona.

Jokha akainuka, akaenda kusimama mbele yao wote.

"Hapo siigizi," alisema. "Huyu mwalimu alinifungia kweli, akaenda zake. Mnayemzomea alikuwa anaomba kutolewa."

"Jamani, hiyo ni sanaa," Fredy akasema. "Tena sikwenda popote. Nilikuwa mlangoni muda wote."

Bimkubwa akafunua uso, akamwendea.

"Shikamoo, mama," Fredy alisema.

Marahaba haikutoka. "Mwanangu alikuwa ananiita. Ulimsikia?"

"Nilimsikia, mama. Ndiyo maana sikufungua. Sauti ilikuwa inatoka vizuri mno."

Bimkubwa alimzaba kofi lililosikika mpaka nje. Wanawake wakamkunja shati, wakamtoa bandani kwa ngumi na matusi. Wanaume kadhaa walibaki wakinung'unika kwamba hata huyo binti, nani alimtuma?

Fredy alihama kabla shule hazijafunguliwa, na filamu yake akaondoka nayo. Jokha anasikia inauzwa Dar, na kwamba watu wanakisifu sana kilio kile. Pale Utende wapo waliokuja kumtaka radhi, akawapokea. Wapo pia ambao mpaka leo wakimwona wanavuka upande wa pili wa njia, wakinong'onezana habari za jini.

Hao Jokha hawasalimii, na salamu zao hazitaki.