Mwalimu wa Tatu Nyuma ya Pazia

Shule yetu ya Kiholanzi ina walimu watatu, na ukituweka pamoja utadhani tumekutana kwenye foleni ya hospitali. Hatufanani kwa lolote. Mwenye shule tunamwita Mkuu. Ni nesi mstaafu aliyehudumia wazee huko Uholanzi mpaka magoti yakamgomea, akarudi na lugha safi na hasira za karibu. Wa pili ni Baharia, ambaye hajawahi kushika usukani wa chombo chochote. Alikuwa mpishi melini, chini ya manahodha wa Kiholanzi, na nusu ya maneno anayoyajua ni matusi ambayo Mkuu amemkataza asiyafundishe. Wa tatu ni mimi. Wanafunzi wananiita Mwalimu Koo, kwa sababu ndimi ninayewafundisha ile sauti ya Kiholanzi inayotoka kooni kama mtu anayejaribu kutoa mwiba wa samaki. Lugha niliipata jikoni, nikiwalelea watoto familia moja ya Kiholanzi. Subira sikuipata huko wala kwingine.

Tuko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Unapanda ngazi, unafika kwenye ukumbi mwembamba usio na dirisha, unasukuma pazia, uko darasani. Pazia liliwekwa baada ya mlango kuanza kupiga kelele kila mchelewaji anapoingia. Upande wa mbele wa darasa, karibu na dirisha la barabarani, kuna mlango wa chumba cha walimu. Chumba hicho hakina njia nyingine. Ukitaka kuingia au kutoka, lazima upite mbele ya wanafunzi wote.

Sasa kuna jambo letu ambalo wageni hulicheka. Siku ya kwanza ya darasa jipya, mwalimu hajitambulishi. Anatoka, anasimama nyuma ya pazia, na mwenzake anamweleza kwa wanafunzi: anaitwa nani, anakaa wapi, ana watoto wangapi, anapenda nini. Kwa Kiholanzi chepesi, na michoro ubaoni. Wanafunzi wanauliza kwa pamoja, kama kwaya. Mwisho mwalimu anaingia, wote wanamsalimia kwa jina. Wakitoka pale siku ya kwanza wameshajua kusema mambo manne, na hayo manne ndiyo wataulizwa ubalozini kwenye mtihani wa viza. Mkuu hataki hata moja liwe la kubuni. Anasema mtu akizoea kubuni darasani, siku ya mtihani atachanganya watoto wake na wa jirani.

Mimi jambo hilo sikulipenda tangu mwanzo, lakini nilikuwa sijamwambia mtu sababu. Binti yangu walimjua, kwa kuwa kila Jumamosi nakuja naye, sina wa kumwachia. Baba yake nilisema yuko mbali, nikamwacha kila mmoja ajazie mwenyewe. Mkuu alijazia Ulaya. Baharia alijazia kaburi, akawa ananionea huruma na kunikatia embe kubwa kubwa.

Jumamosi hiyo Mkuu alimtambulisha Baharia kwanza, kisha ikawa zamu yangu. Nikamwacha binti yangu chumba cha walimu na vitabu vyake, viatu kavivua mlangoni kama kawaida yake, nikapita mbele ya darasa huku wanafunzi wameinamia madaftari wakinakili maneno ya Baharia, nikatoka. Kuandikisha watu ni kazi ya Mkuu, mimi huwaona siku hiyo hiyo. Basi nikafanya ninachofanya kila mara: nikachungulia kwenye upenyo wa pazia kuona ni nani atakayenisumbua muhula huu.

Nikamwona dereva wa lori, shingo nene, amekaa kwenye kiti kidogo kama amekikalia kwa bahati mbaya. Nikamwona bi harusi mpya, hina bado mikononi, anayemfuata mume. Kulikuwa na vijana wa shamba la maua, na mama mtu mzima anayekwenda kulea mjukuu. Na mwisho wa safu ya mbele, jirani kabisa na mlango wa chumba cha walimu, kulikuwa na mwanamume aliyenipa kisogo.

Nilimjua kabla hajageuka. Kisogo ulichokipaka mafuta miaka kadhaa hukisahau.

Alikuwa mume wangu. Huyu ndiye aliyenivunja mkono kwa sababu ya chai iliyopoa, akanipeleka hospitali mwenyewe, akawaambia manesi nimeteleza bafuni, nao wakampa pole. Nilipoondoka kwake binti yangu alikuwa bado ananyonya. Aliwaambia ndugu zangu maneno haya, na waliniletea kama yalivyo: mimi hanitaki hata bure, lakini mtoto ni wake, na atamfuata hata nimfiche mfukoni. Tangu hapo nimehama miji, nimebadili kazi, nimekosa misiba ya watu wangu mwenyewe. Yote hayo asimpate mtoto. Na sasa alikuwa ameketi, mguu juu ya mguu, na kati yake na mtoto kuna ubao mmoja wa mlango.

Hakuwa akiuangalia mlango. Alikuwa akimwangalia Baharia, ametulia, daftari jipya juu ya paja. Nikajiambia labda hajui. Labda anakwenda Ulaya kama wenzake, shule ziko ngapi za Kiholanzi mjini hapa. Nilijiambia hivyo na sikujiamini.

"Mwalimu wa tatu," akaanza Baharia kwa Kiholanzi, akijisugua mikono, maana hapo ndipo anapopapenda, "ni mwanamke. Anaitwa Mwalimu Koo. Ni mkali."

Akachora uso wenye nyusi zilizokutana. Darasa likacheka. Mume wangu akacheka pia.

"Ulizeni," Mkuu akasema. "Wote. Anakaa wapi?"

"Anakaa wapi?" wakaitikia, watu wazima kwa vijana, kwa lafudhi za kila namna, na sauti yake nikaichambua humo ndani kama unavyochambua jiwe kwenye mchele.

Chaki ikaanza kugonga ubao. Baharia hachori ovyo ovyo. Mtu huyu alikuwa akipanga jiko la meli kwa sentimita. Akachora kituo cha mafuta kilichoko mwisho wa barabara yetu. Akachora kichochoro nyuma yake. Akachora nyumba, geti, akatafuta chaki ya bluu akalipaka geti bluu, kwa sababu ni bluu kweli, amekuja kwangu kula mara nyingi. Kwa hilo haikuhitajika kujua Kiholanzi hata neno moja. Hata kipofu wa lugha angefika.

"Ana watoto wangapi?"

"Mmoja. Binti." Akaanza kuchora kichwa chenye mikia miwili ya nywele.

Ngazi zilikuwa nyuma yangu. Nakwambia ukweli, mguu wangu ulishuka ngazi ya kwanza wenyewe. Mwili ulitaka kukimbia, na ungekimbia, maana mwili wangu umefunzwa na yule mtu na una akili zake. Lakini mtoto alikuwa ndani, na njia ya kumfikia ilipita mbele ya magoti ya baba yake. Hakuna dirisha la nyuma, hakuna ngazi nyingine. Nilimlaani fundi aliyelijenga jengo lile, na ukoo wake.

Nikapiga moyo konde, nikasukuma pazia.

Sikusalimia. Nilikwenda moja kwa moja ubaoni, nikavua mtandio wangu, nikafuta kituo cha mafuta, nikafuta kichochoro, nikasugua lile geti mpaka likawa wingu la bluu.

"Dada, sijamaliza," Baharia akasema kwa unyonge.

"Umemaliza."

Mkuu akagonga meza kwa funguo, maana tulikuwa tumeongea Kiswahili, na ndani ya darasa Kiswahili ni marufuku. Wanafunzi wakaangua kicheko. Walidhani ni sehemu ya mchezo, yule mwalimu mkali ndiye huyu. Wakanisalimia kwa jina, kwa pamoja, kwa furaha. Nikageuka nikamtazama mume wangu.

Alinitazama kama mtu anayetazama basi alilokuwa akilisubiri. Hakushtuka. Nikashika ukingo wa meza.

"Vizuri," Mkuu akasema, ambaye haoni vizuri zaidi ya hatua mbili na hataki kukubali. "Sasa mwanafunzi mmoja ajaribu. Nani ataanza?"

Akainua mkono yeye, mume wangu. Akasimama, akavuta shati lake, akasema jina lake kwa Kiholanzi. Akasema ni fundi umeme. Akasema, polepole, kwa matamshi mazuri kabisa ambayo lazima aliyafanyia mazoezi mahali fulani, "Nina binti mmoja."

Mkuu akafurahi mno. "Muulizeni binti yake anakaa wapi."

Wakauliza. Watu wema wote wale, dereva, bi harusi, bibi wa mjukuu, wakamuulizia swali lake kwa sauti moja, na wote wakamtazama, naye akanitazama mimi.

"Mwalimu anajua," akasema kwa Kiswahili.

Mkuu akagonga funguo. Hakuna aliyecheka safari hii. Nafikiri uso wangu ulikuwa umeshawaambia.

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza sana maishani, na kila niliponyamaza yeye alisogea hatua moja.

"Nitajitambulisha mwenyewe," nikasema kwa Kiswahili. Mkuu akainua funguo. "Gonga tu, Mkuu, gonga mpaka meza ivunjike. Mimi ni mke wa huyu bwana. Alinivunja mkono. Nilimkimbia na mtoto nikamficha, na nimekuwa nikijificha mpaka leo. Hakuja kusoma. Amekuja kuuliza ninakaa wapi, na ninyi nyote mmemsaidia kuuliza."

Chini dukani tukasikia mtu anapatana bei ya godoro.

"Mkono gani, mwalimu?" akauliza bi harusi, taratibu.

Nikapandisha mkono wa shati. Kiwiko changu hakinyooki, hakitanyooka tena. Aliangalia, halafu akaangalia hina yake, akaficha mikono chini ya daftari.

"Mambo ya nyumbani haya," mume wangu akasema, akitabasamu kwa wanaume waliokuwepo. "Mmeona wenyewe hasira zake. Mwalimu kawaeleza, ni mkali."

Dereva wa lori akasimama. Alikwenda tu akasimama mbele ya mlango wa chumba cha walimu, akaegemea, akaujaza wote. Baharia akaenda kusimama naye, mfupi, chaki ya bluu bado mkononi, akisema Kiholanzi kile alichokatazwa.

Naye Mkuu, ambaye sijawahi kumsikia akiongea Kiswahili darasani hata alipong'atwa na nyigu, akasema Kiswahili. "Baba, ngazi ulizopandia ndizo hizo hizo za kushukia."

Hakubishana. Hilo lilinishangaza, na lilipaswa kunitisha. Akakunja daftari, akapita. Njiani akaviangalia viatu vidogo pale mlangoni, karibu na miguu ya dereva, akaviangalia bila haraka na bila kuuliza ni vya nani. Kisha pazia likaanguka nyuma yake, tukasikia ngazi zikilia moja moja mpaka chini.

Nikakaa. Bi harusi akaniletea maji, nikayanywa yote. Bibi wa mjukuu alikuwa ananisugua mgongo. Baharia akawa analia waziwazi, akisema laiti angejua, asingelichora lile geti, angechora ikulu. Nikacheka. Nasema kweli, nilicheka, na nikajisikia mwepesi kama mtu aliyetua ndoo. Nilikuwa nimesema mbele ya watu, na watu walisimama. Geti nilikuwa nimelifuta kwa wakati. Tungehama tena ikibidi, lakini safari hii kuna watu wangetubebea vyombo.

Mlango wa chumba cha walimu ukafunguka, dereva akasogea. Binti yangu akatoa kichwa.

"Mama, mbona Baharia analia?"

"Njoo hapa. Usiende dirishani."

Mtoto ukimtajia dirisha umempeleka dirishani. Kabla sijainuka alikuwa ameshachungulia barabarani. Nikafika nyuma yake. Mume wangu alikuwa ng'ambo, kwenye kibanda cha soda, chupa mkononi, uso ameuinua kwetu.

Binti yangu akampungia mkono.

Naye akampungia, kwa mazoea, kama watu wa mtaa mmoja.

Nikamvuta nyuma kwa nguvu mpaka akalalamika. Nilitaka kuuliza kwa upole, sauti ikatoka ya kukwaruza. "Unampungia nani?"

"Mjomba wa soda," akasema, akijisugua bega. "Anakujaga shuleni kwetu tukitoka. Mama, umeniumiza. Alisema leo atakuja kusoma kwako, nisikuambie, anataka akushtukize."

"Tangu lini unamjua?"

Akafikiri. "Tangu nipo darasa la chini."

Wote waliokuwa karibu wakasikia. Bibi wa mjukuu, aliyekuwa amenifuata dirishani, akaacha kunisugua mgongo. Nikapiga magoti ili nimwone binti yangu usoni, nikamshika mashavu, nikamuuliza kama mjomba wa soda anajua nyumbani kwetu ni wapi.

"Anapajua," akasema. "Siku ile ya mvua, uliponisifu nimerudi peke yangu, yeye ndiye alinishika mkono mpaka ndani."