Alama ya Puli

Datsun ilikuwa imeshatoka kwa lango la gereji, nami natembea haraka kando ya dirisha, taa ya kupimia timing ya injini mkononi.

"Mzee, una uhakika?" Githinji aliniuliza kwenye usukani, bila kusimama.

"Timing iko kwa digrii kumi kamili. Nimeiona alama na macho yangu."

"Na kijiti?"

"Nenda, bwana! Polisi wa msafara hawatakungoja."

Mkewe, Njambi, alikuwa kiti cha mbele, mimba ya miezi saba, sufuria imebanwa miguuni. Alinipa mkono dirishani. "Ubaki salama, Mzee." Wakaingia barabara ya Webuye nyuma ya malori ya msafara. Walitaka kuvuka Malaba waingie Uganda. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari, mwaka 2008, na moshi wa nyumba zilizochomwa Huruma kwa fujo za uchaguzi ulikuwa bado haujakatika.

Githinji alikuwa anauza spea pale Huruma, na mimi nilikuwa fundi wa kupita. Sikuzaliwa Eldoret. Shule nimesoma vipande, darasa mbili hapa, moja kule, lakini injini nilizisoma zote. Ile Datsun 160J tuliijenga pamoja mwaka mzima. Turbo, ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, tuliitoa kwa gari ingine iliyopinduka, kabureta tukaizibia hewa isivuje, bomba tukalichomelea wenyewe. Ilikuwa inakimbia mpaka watoto wanatoka nje kuitazama.

Shida ilianza Desemba. Ukikanyaga mafuta, turbo ikianza kusukuma, injini inagonga kama mtu anatikisa misumari ndani ya mkebe. Halafu inachemka. Ugonjwa wa namna hiyo mara nyingi ni timing: cheche inawaka mapema mno, pistoni bado inapanda, moto unaipiga kichwani. Nikaleta taa, nikamulika puli iliyo mbele ya injini, alama ikakaa mahali pake. Kumi kamili. Lakini iliendelea kugonga.

Githinji akaniambia mbele ya mafundi wengine, "Mzee, hizi puli ni vyuma viwili na raba katikati. Raba ikizeeka, chuma cha nje kinateleza na alama yake. Chomoa plagi ya kwanza, tia kijiti, upime pistoni iko juu wapi."

Nikamjibu, "Wewe uza spea. Injini niachie."

Mafundi walicheka sana. Yeye pia alicheka. Kazi ya kijiti ni ya dakika kumi, na nilikuwa na Desemba nzima. Sikuifanya.

Siku nne baada ya wao kuondoka habari ilifika Huruma: gari ya turbo imefia Turbo, ule mji wa njia ya Webuye. Watu walitania hivyo, hata wakati ule mbaya watu walitania. Kuhusu wenye gari hakuna aliyejua. Niliuliza kituo cha polisi, nikauliza uwanjani kulikopigwa mahema ya waliokimbia, nikauliza madereva wa malori. Mwezi wa tatu nikafunga spana zangu kwa gunia nikaondoka. Nilikaa Kitale, nikakaa Lodwar, nikakaa Kakuma. Sikukaa na mtu. Mtu akinisifu kazi, nilikuwa naondoka mapema zaidi.

Mwaka 2014 nilirudi Eldoret, nikapanga chumba Huruma ileile. Wapangaji wote walikuwa wageni kwangu. Sijamaliza mwezi, akaja mkulima mmoja, Kiptoo, mtu wa miaka hamsini hivi, gambuti zimejaa matope.

"Mzee, nimeambiwa unajua Datsun. Iko moja kwangu, upande huu wa Turbo. Nimeitia pistoni mpya. Mafundi watatu wameiseti timing na taa, bado inagonga."

"Ni ya nani?"

"Si yangu. Naiweka tu."

Nilijua kabla hajaondoa turubai. Alikuwa ameitunza ghalani, kando ya mahindi, kuku wamelala juu yake. Sikumwambia kitu. Nikatoa taa, nikawasha, nikamulika. Alama ilikaa kwa kumi, vilevile kama ile asubuhi walipoondoka.

Nikazima. Nikachomoa plagi ya kwanza, nikakata kijiti cha mwanzi kwenye ua, nikakitia ndani ya silinda. Kiptoo akawa anazungusha injini na spana pole pole, mimi nimeshika kijiti na vidole viwili.

"Ongeza. Ongeza. Simama. Rudi kidogo."

Kijiti kilifika juu kikatulia. Nikainama kutazama puli. Alama haikuwa hapo. Ilikuwa imeteleza upana wa kidole changu. Kumi ya taa ilikuwa ishirini na tano ya kweli, na kwa injini ya turbo hiyo ni kuiua.

"Umepata?" Kiptoo aliuliza.

"Nimepata." Nilikaa chini. "Waliokuwa ndani ya hii gari walienda wapi?"

"Ilizima hapo barabarani, moshi mtupu. Malori mengine yalipita. Moja la ng'ombe likasimama, likambeba mama. Alimwita bwana yake, panda, panda! Yule akasema natafuta maji ya gari, nitawafuata. Lori halikungoja. Usiku huo watu walifunga barabara, wanasaka watu wa kabila lake. Nilimficha huyo bwana humu ghalani siku mbili."

"Alisema nini kuhusu gari?"

"Alisema fundi wake ni mzuri sana. Petroli ya madumu ndiyo ilikuwa mbaya." Akatoa simu. "Namba yake ninayo. Nimpigie umweleze?"

Alipiga, akanipa simu, akaenda kunawa mikono bombani.

"Githinji, ni mimi. Mzee wa Huruma."

"Mzee! Uko hai? Walisema ulifia Lodwar!"

"Niko kwa Kiptoo. Nimeifungua Datsun."

"Ilikuwa petroli, si ndiyo?"

Ningesema ndiyo. Hakuna mtu angejua.

"Si petroli. Ni puli. Imeteleza upana wa kidole."

Nilisikia redio upande wake, mtu anatangaza bei ya viazi.

"Umepima na nini?"

"Na kijiti."

"Sasa ndio unapima. Njambi alisema nilichagua gari, nikamwacha yeye. Nilimtafuta miezi mitatu, nikampata Tororo na mtoto, na hakutaka kuniona. Mimi mwenyewe nimefika mahali nikaamini kwamba nilichagua gari."

"Nikimpigia Njambi nimweleze..."

"Umweleze nini, Mzee? Puli?" Alicheka kidogo. "Haya. Asante kwa kusema." Akakata.

Nilipaka puli alama mpya na rangi nyeupe, nikaseti, tukaendesha mpaka Turbo na kurudi. Haikugonga. Kiptoo alitaka nilale kwake. Nikakataa.

Githinji anauza spea Nyahururu. Hakuoa tena. Alimwambia Kiptoo abaki na gari, na Kiptoo akaiuza mwaka 2017 kwa mwalimu mmoja wa Kapsabet. Njambi anauza mitumba Tororo. Bintiye, Janice, yuko shule hukohuko. Gereji ya Huruma ilibomolewa pakajengwa vyumba vya kupangisha. Nimempigia Githinji mara mbili, hakushika. Mimi nilirudi Lodwar, na sasa niko Maralal, natengeneza pampu za maji.